Visima Thelathini na Saba

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko porini mnakopima barabara. Mimi nipo. Ukiniuliza hali nitakujibu kama ninavyowajibu wateja, kwamba namshukuru Mungu, na yaliyobaki utayajua mwenyewe.

Miezi miwili imepita tangu tumzike shemeji yako, na wiki hii ndiyo kwanza nimepata nguvu ya kufungua duka lake. Saa za watu nimezirudisha, zilizopona na zisizopona. Kwenye droo ya chini, chini ya vioo na mikanda, nimelitoa kasha nililomjalidia mwenyewe mwaka jana, lile la kitambaa cha buluu. Ndani mna seti mpya ya karata ambayo hakuwahi kuileta mezani. Nimezihesabu mara tatu na kila mara ni sitini na tatu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba seti kamili ya mchezaji mmoja ni karata mia. Zilizokosekana zote ni karata za visima. Hakuna hata kimoja.

Mchezo wenu nimeujua kwa kusikiliza tu, miaka tisa ya Jumapili, nikiwa konani na sindano na gundi yangu huku ninyi wanne mkibishana. Lakini hata mimi najua kwamba bila visima hakuna maji, na bila maji ya kulitoa, zimwi lako liwe kubwa namna gani litabaki mkononi likikutazama. Kwa sasa hizi sitini na tatu ni picha tu.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Mkunga amepewa uhamisho. Anaondoka mwisho wa Aprili, na ametuomba mimi na Kinyozi tucheze naye mara ya mwisho Jumapili ya tarehe ishirini. Siku hiyo nataka niketi kwenye kiti cha mume wangu nicheze seti yake. Nimewauliza niweke visima gani, wakagombana mpaka chai ikapoa. Kinyozi anasema haijalishi, maji ni maji. Mkunga akamwambia ndiyo maana hajashinda tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wamekubaliana jambo moja tu, kwamba kwa kuchagua visima hakuna anayekufikia wewe. Nimekunakilia orodha ya karata zote, iko nyuma ya barua hii.

Kuhusu mazishi usijisumbue tena. Ulituma neno kwa redio ya kambi kwamba mvua imekata barabara, nami nililipokea hivyo. Halafu kuna barua ambayo shemeji yako alikuandikia mwezi wa Oktoba. Nadhani ilikufikia.

Dada yako


13 Machi

Dada yangu,

Barua yako imenikuta mzima. Lori lilifika Alhamisi iliyopita na wiki nzima nimekaa na orodha yako. Mchana napima, jioni naisoma tena. Meza yangu humu hemani ni mbao za masanduku, na nimeandika majina ya karata zote kwenye vipande vya karatasi ya ramani ili niweze kuzipanga kana kwamba ziko mbele yangu.

Pole sana, dada. Najua neno hilo limechoka kwa kutumiwa, ila sina lingine.

Sasa visima. Mtu huchagua visima kwa kujiuliza atakufa lini. Mkicheza wawili unaweza kufa mapema, basi unataka maji ya haraka. Mkiwa wanne mchezo ni mrefu. Una maadui watatu, lakini nao kila mmoja ana maadui watatu, kwa hiyo unaweza kuvumilia visima vinavyoingia vikavu, vile visivyotoa maji mpaka mzunguko unaofuata. Shemeji alivipenda hivyo. Ndiyo maana mezani tulimwita Taratibu.

Lakini orodha hii si ya Taratibu, na nimeshangaa. Karata kumi na nane ni nyekundu, rangi ambayo hakuigusa miaka yote tisa. Nyekundu ni yangu mimi. Halafu kama kumi hivi zinampa nguvu mchezaji mwingine utakayemchagua. Nadhani nimeelewa alichokusudia, na ni jambo la akili kweli. Hizo ni chambo. Unamnenepesha mmoja awaumize wenzake, kisha unamgeukia. Na ile nyekundu, sitakuficha, nadhani aliichukua ili siku nikirudi mezani anichape kwa fimbo yangu mwenyewe. Alikuwa na haki.

Kwa hiyo inahitaji kasi. Weka visima vya kawaida ishirini. Weka vya chumvi kumi na viwili, maana hivyo hutoa maji ya rangi mbili papo hapo. Kila ukichota unapoteza uhai mmoja, lakini unaanza na arobaini, usiwe mwoga. Vikavu weka vitano tu. Visima vya jirani, vile vinavyompa maji na aliyeketi kushoto kwako, usiweke hata kimoja. Adui hanyweshwi.

Ile barua ya Oktoba, posta ya huku unaijua, nyingine hufika na nyingine huliwa na njia. Kazi zimetubana na sidhani kama nitapata ruhusa mwezi wa Aprili. Nisalimie Mkunga na Kinyozi.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Jana tumeijaribu seti, na mimi nimekufa wa kwanza.

Visima vya kukamilisha nilivitoa kwenye sanduku lenu la akiba, nikavipanga kama ulivyoagiza, ishirini, kumi na viwili, vitano. Kufikia mzunguko wa sita nilikuwa nimejinywesha chumvi mara kumi na moja, hakuna mtu aliyenigusa bado. Kila karata niliyoitoa ilinitaka nimpe mtu nguvu. Nikampa Kinyozi. Kinyozi akashukuru kwa adabu zote, akachukua nguvu zangu akanimaliza nazo. Alicheka, halafu akakumbuka nimekalia kiti cha nani, akaomba radhi. Nikamwambia acheke tu. Nyumba hii ina miezi haijasikia mtu akicheka.

Mkunga hakucheka. Alizikusanya karata zangu, akazitandaza zote sitini na tatu mezani, akavaa miwani yake ya kazini. Alizitazama muda mrefu, kama anavyomtazama mama anayesema siku zake bado. Kisha akasema hizi si chambo. Akasema seti hii imetengenezwa kwa watu wawili walioketi upande mmoja, ule mchezo wa wawili kwa wawili, ambapo wenza huchota visima vilevile na karata za mmoja hukamilisha za mwenzake. Sehemu ya karata hizi imepangwa kwa mkono wa Taratibu, akasema, na sehemu nyingine kwa mkono wa mtu mwingine anayependa nyekundu.

Sasa niambie, wewe uliyeishi naye meza moja miaka tisa, ni lini ulimwona mume wangu akimwekea mtu chambo? Mtu aliyekuwa akiwarudishia wateja saa zao na kuwaambia hazina ubovu, wakajifunze kuzitia ufunguo. Umemsoma kwa macho ya nani?

Kiti cha kushoto kwake kilikuwa chako. Tangu Julai hakuna aliyekikalia. Kinyozi aliwahi kuweka kofia yake pale, Taratibu akaihamisha.

Jambo la mwisho. Dereva wa lori alipokuja kutoa pole mwezi wa Januari, alinieleza habari zako kwa wema. Aliniambia barua ya Oktoba alikukabidhi mkononi, ukaitia mfukoni mwa shati. Sikutaka kulisema hili. Nimelisema.

Dada yako


3 Aprili

Dada,

Ulimi hauna mfupa, wala kalamu. Nimeandika barua hii mara nne.

Barua ya Oktoba ninayo. Nilikuwa nayo siku zote, ndani ya sanduku la darubini ya kupimia, na sikuifungua. Nilijiambia ndani yake mna matusi, au mna msamaha, na sikujua kipi kingenishinda zaidi. Kila nilipotoa darubini niliiona, nikafunika. Hata habari za msiba zilipokuja kwa redio sikuifungua.

Na barabara haikukatwa. Mvua ilinyesha, lori likachelewa saa mbili, likaondoka. Msimamizi alishaniandikia ruhusa. Nilifunga mfuko, nikakaa juu ya kitanda, nikalisikia lori likiwashwa, likaondoka nami nimekaa. Sikuweza kusimama mbele ya watu nikazikwa uso kwa aibu huku yeye anazikwa mwili. Huo ndio ukweli.

Unajua ugomvi wenyewe. Mezani petu kulikuwa na mwiko ambao hakuna aliyeuandika, kwamba visima haviguswi. Ua mazimwi ya mtu, choma ngome zake, lakini maji yake muachie, maana asiye na maji hachezi tena, anatazama tu. Siku ile ya Julai nilikuwa nimeshashindwa. Nilikuwa na karata ya Kiangazi, inayokausha visima vyote vya mezani, na nikaitoa kwa choyo tu. Shemeji alikuwa amejenga saa mbili nzima. Alikusanya karata zake polepole akasema kwake visima haviguswi. Mimi nikamjibu kwamba mtu asiye na mtoto ndiye hulilia karata. Kisha nikatoka, na wiki iliyofuata nikaomba kazi ya huku.

Jana nimeifungua. Nakunakilia yote, si ndefu.

“Shemeji, natumaini hujaliwa na simba wala na msimamizi wako. Nina seti mpya. Ni ya wawili, mimi na wewe, dhidi ya yule mama na yule mzee mwenye mkasi ambao wametutesa vya kutosha. Nyekundu yako nimeiweka kwa kadiri nilivyoweza kuivumilia. Nimemaliza karata sitini na tatu, nimebakiza visima thelathini na saba, na visima nakuachia wewe, maana mimi nikivichagua vyote vitakuwa vikavu, utalala mezani. Lakini fikiria na vile vya jirani. Vilitupwa na watu wengi kwa sababu watu wengi hawana jirani wa maana. Wewe nijibu tu ni visima gani, sihitaji zaidi ya hapo. Yale ya siku ile niliyasikia, na dada yako aliyasikia, alikuwa konani na sindano yake. Mimi nimeshayaweka chini. Yeye ndiye wa kumwomba.”

Basi. Hayo tu. Hakutaja ugonjwa hata kwa neno moja.

Aliniomba orodha ya visima, kitu cha nusu saa, na mimi barua yake niliiweka kwenye sanduku miezi sita. Na nilikuja kukwambia wewe kwamba ni chambo.

Nakuuliza jambo moja na uniambie kweli hata kama ni chungu. Alisubiri jibu?

Sistahili kukuchagulia visima. Mpe Kinyozi hiyo seti, au ifunge kabatini. Tarehe ishirini sitakuja. Nisamehe, ingawa najua sina mdomo wa kuomba.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma kazini nimesimama mbele ya mashine ya kubania vitabu, na gundi ikakauka kwenye brashi. Siku za kwanza nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo, hata kwa kifo chenyewe. Nilisimama kaburini nikiwaambia watu wasikulaumu, kwamba mvua imekata barabara. Nilikutetea kwa majirani, kwa wateja wake, kwa Kinyozi aliyekuwa hataki kusikia jina lako. Na wewe ulikuwa umekaa juu ya kitanda.

Lile neno nililisikia, ndiyo. Nilikuwa nashona kurasa za daftari kubwa la shule, nikaendelea kushona mpaka nikafika mwisho, kisha nikagundua nimeshona bila uzi. Shemeji yako na mimi hatukulizungumza kamwe. Usiku wala mchana, hatukulitaja. Lilikaa nasi tu ndani ya nyumba.

Umeuliza kama alisubiri.

Alisubiri. Lori lenu hurudi mjini Ijumaa, na kila Ijumaa alifunga duka mapema akaenda kukaa kwenye benchi la pale linaposhushia mizigo. Mwanzoni alikwenda kwa miguu. Novemba kifua kilipombana nikawa namkodia mtu wa baiskeli. Desemba hakuweza tena, akawa ananituma mimi. Nilitaka nikwambie anaumwa, akanikataza kabisa. Alisema ukija kwa sababu ya ugonjwa utakuwa umekuja kumtazama mgonjwa, na yeye anataka mtu wa kucheza naye. Nilimuuliza alikuandikia nini, akasema ni mambo ya mezani, hayanihusu, mjalidi ajalidi.

Ijumaa kumi zilipita. Ya kumi na moja ilikuwa tarehe ishirini Desemba. Nilikwenda, dereva akatikisa kichwa, nikarudi. Shemeji yako alikuwa amekaa kitandani amenyoa ndevu. Alikuwa amejinyoa mwenyewe, ana michubuko miwili shingoni. Akaniuliza kama kuna kitu.

Nikasema ndiyo. Nikamwambia umeandika, ila barua ililowa njiani, dereva akanisimulia tu yaliyomo. Sijui nilitoa wapi uongo wa namna ile, mimi ambaye hata kumdanganya mteja kwamba kitabu chake kiko tayari hunishinda. Kisha akauliza, “Amesemaje kuhusu visima?”

Visima gani, mimi sikujua. Sikujua hata alikuuliza nini. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

Nikasema, “Amesema atavileta mwenyewe.”

Alifurahi, mdogo wangu. Sijapata kumwona mtu akifurahi kwa kitu kidogo hivyo. Alisema huyo ndiye wewe, huwezi kuandika orodha kama watu, lazima uje ubishane kimoja kimoja. Akaniagiza kasha la buluu nilipeleke dukani nililaze droo ya chini, akasema halina haja ya kuguswa tena mpaka ufike. Ijumaa zilizofuata hakunituma popote. Alikufa siku ya kumi na sita tangu jioni ile.

Ndiyo maana kasha halikuwa na kisima hata kimoja. Si ugonjwa uliomzuia kumaliza. Ni mimi. Nilipolifungua mwezi uliopita nikaelewa nilichokuwa nimesema, na ndipo nikakuandikia ile barua ya kwanza. Nilitaka unichagulie visima bila wewe kujua chochote, nivipange mwenyewe, ili uongo wangu upate angalau nusu ya ukweli. Nimekasirikia ulichonificha wewe, nami nilikuwa na changu. Na ulipoagiza chumvi kumi na viwili niliviweka vyote, nikavinywa.

Sitampa Kinyozi seti hii, na sitaifunga kabatini. Sitaki tena orodha kwa barua. Mkunga amekubali tucheze wawili kwa wawili, yeye na Kinyozi upande ule. Upande huu mimi nitakaa kwenye kiti cha mume wangu. Tunaanza saa nane mchana.

Kuhusu lile neno, sijakusamehe. Hilo huwezi kuniomba ukiwa huko na karatasi. Utaniomba umekaa mbele yangu, nami nitakujibu nikikutazama, na sikuahidi jibu litakuwa lipi.

Lori linaondoka kambini Ijumaa asubuhi. Katika miaka kumi na sita ya ndoa nilimdanganya mume wangu mara moja tu, na amekufa akiamini unakuja na visima. Njoo navyo.

Dada yako